Springi ya kurudisha akselereta kwenye mashine ya boti yenye kabureta: kukagua, kubadilisha na kupima

Mashine ya boti ikiendelea kunguruma ilhali nahodha ameshapunguza mafuta, lawama ya kwanza huangukia springi. Inang'olewa, inafungwa nyingine nene zaidi, na kwa siku kadhaa mambo yanaonekana sawa. Kisha kebo inaanza kuchanika, au shafti ya kabureta inalika na kuvuta hewa pembeni, na mashine inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Springi ina kazi moja tu: kukifunga kipepeo, yaani kile kibamba cha mviringo kinachozuia hewa ndani ya kabureta, pale ambapo hakuna kitu kingine kinachokifungua. Haikuundwa kupigana na chumvi, grisi iliyoganda au kebo iliyokunjika. Kwa sababu hiyo hapa tunaanza na msuguano, na springi yenyewe inafuata baadaye.

Maelezo mengi ni ya mashine za nje za petroli za mipigo miwili, zile za nguvu ya farasi 8 hadi 40, kama Yamaha Enduro za 15 na 40 zinazofungwa kwenye boti za uvuvi na za abiria Pwani na Ziwa Victoria. Injini za ndani ya boti zina tabia zake, na zina sehemu yake huko chini.

Jinsi mfumo unavyofunga na kufungua

Unapozungusha mkono wa mashine, kebo mbili hufanya kazi kwa zamu: moja huvuta ili kufungua, nyingine huvuta ili kufunga. Zote mbili huzungusha leva moja iliyo ubavuni mwa injini. Leva hiyo ina kazi mbili kwa pamoja. Kwanza huzungusha bamba la magneto, yaani sehemu inayotoa umeme wa cheche, ili cheche itangulie kadiri mzunguko unavyopanda. Pili huzungusha kamu, yaani kipande chenye ukingo uliopinda, na kamu husukuma roli ndogo iliyo kwenye leva ya kabureta, ndipo kipepeo kinafunguka.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Kamu inasukuma tu, haivuti. Ukirudisha mkono, kebo inairudisha kamu, lakini roli haina kitu cha kuifuata kamu isipokuwa springi ya kwenye shafti ya kabureta. Mkono unaweza kuwa umerudi hadi mwisho, kebo zikawa nzima, na kipepeo bado kiko wazi. Matokeo yake ni ya namna yake: cheche imerudi nyuma lakini hewa na mafuta bado vinaingia kwa wingi, hivyo mashine inazunguka juu kuliko kawaida huku ikitetemeka na kukohoa. Nahodha akitia gia katika hali hiyo, meno ya klachi yanagongana kwa nguvu, na kila mgongano unayala pembe hadi siku gia itakapoanza kuruka.

Baadhi ya mashine hazina kamu na roli. Badala yake kuna fimbo yenye vikombe vya plastiki pande mbili, inayoshika leva zote mbili. Fimbo huvuta na kusukuma, kwa hiyo springi kwenye mfumo huo inasaidia tu na kuondoa mchezo, yaani ulegevu kwenye viungo. Kabla ya kugusa chochote, vua kava na uangalie ni mfumo upi ulio nao, kwa maana majaribio yanayofuata yanasomwa tofauti.

Vifaa

Andaa bisibisi bapa na ya nyota zinazoenea vizuri kwenye skrubu, plaizi yenye mdomo mrefu, spana namba 8, 10 na 12, ndoano nyembamba ya waya ya kuvutia springi, kalipa ya kupimia milimita, dawa ya kusafishia kabureta, brashi ya meno iliyochakaa, kitambaa kisichotoa nyuzi, grisi ya majini isiyoondoka kwa maji, na mizani ndogo ya kuning'iniza ya springi inayosoma hadi kilo 1 au 2. Mizani ya kupimia samaki ya kilo 20 au 50 haifai hapa, mistari yake ni mipana mno. Ya betri inafaa, mradi uzime ile kazi yake ya kushikilia namba. Ongeza miwani ya macho: springi ikichomoka kwenye ndoano huelekea usoni.

Kwanza, zima na utenge

Chomoa kipini cha kamba ya kuzimia. Chomoa mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi, na kama kuna betri, fungua waya wa hasi. Vua vichwa vya plagi na uviegemeze kwenye chuma cha injini, kusudi gurudumu la juu, lile zito linalozunguka na injini, likizungushwa kwa bahati mbaya injini isiwake. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na mafundi wa kuchomelea. Piga picha ya leva, ndoano na springi kwa simu kutoka pande tatu kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Ndoano iliyorudishwa kwenye tundu lisilo lake ni kosa la kawaida kabisa, na tundu moja la pembeni hubadilisha nguvu ya springi kwa kiasi kikubwa.

Jaribio la mkono

Tia mkono wa akselereta kwenye mwendo wa chini kabisa. Sasa usiguse mkono. Bonyeza leva ya kabureta yenyewe kwa kidole hadi kipepeo kifunguke chote, kisha iachie ghafla. Inatakiwa irudi mara moja na kugonga skrubu ya kituo kwa mlio mdogo mkavu. Rudia kuanzia nusu, kisha kuanzia robo. Jaribio la robo ndilo lenye maana kubwa zaidi, kwa sababu springi ikiwa imenyooshwa sana hata iliyochoka huweza kuushinda msuguano, lakini karibu na kufunga nguvu yake ni ndogo, na hapo ndipo kipepeo hubaki milimita moja wazi. Milimita hiyo moja inatosha kupandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini mkono ukiwa umerudishwa chini kabisa, mara mbili.

Ikirudi polepole au ikisimama njiani, tenga vitu kimoja kimoja. Ondoa kebo au fimbo kutoka kwenye leva ya kabureta (kwenye mfumo wa kamu, hakikisha kamu haiigusi roli), jaribu tena. Ikirudi vizuri bila kebo, tatizo liko kwenye kebo, mkono au vikombe vya plastiki, na springi haina hatia. Isiporudi hata bila kebo, basi ni shafti, kipepeo au springi.

Ili kujua ni kipi kati ya hivyo, tumia mizani. Ning'iniza ndoano ya mizani kwenye leva karibu na roli, vuta polepole ukifungua, na usome namba kipepeo kinapopita robo. Endelea kidogo, kisha legeza polepole ukiruhusu kifunge, na usome tena kinapopita robo ileile. Wakati wa kufungua unavuta springi pamoja na msuguano. Wakati wa kufunga, springi inavuta mizani yako baada ya kukatwa na msuguano. Jumlisha namba mbili ugawe kwa mbili, hiyo ni springi. Toa ndogo kutoka kubwa ugawe kwa mbili, huo ni msuguano.

Mfano: gramu 500 wakati wa kufungua na 300 wakati wa kufunga maana yake springi ni 400 na msuguano ni 100, hali nzuri. Gramu 600 na 100 maana yake springi ni 350 na msuguano ni 250. Ukiweka springi nene hapo utakuwa umelificha tatizo. Sisi huchukulia msuguano usizidi nusu ya springi. Ukizidi, safisha kwanza kisha upime upya.

Kuondoa msuguano

Chumvi hujikusanya pale shafti inapoingia kwenye mwili wa kabureta. Iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kabla ya kupuliza dawa, kwa kuwa dawa ya kabureta huyeyusha gundi ya petroli na oili lakini chumvi huiacha ilivyo. Futa, kausha, ndipo upulize dawa kwenye ncha zote mbili za shafti huku ukifungua na kufunga leva mara nyingi. Mashine ya mipigo miwili iliyokaa miezi na mafuta yaliyochanganywa ndani huacha utando wa kahawia unaonata, na utando huo ndani ya tundu la kabureta hukibana kipepeo kikiwa kimefunga. Usiukwangue kwa bisibisi, ukichubua alumini hewa itapita hapo milele. Lowesha, subiri dakika kumi, sugua kwa brashi.

Mimina tone moja la oili nyepesi kwenye kila ncha ya shafti. Grisi usipake hapo: hukamata vumbi na chumvi, na baada ya msimu mmoja inakuwa kama lami. Grisi ya majini mahali pake ni kwenye uso wa kamu, mhimili wa roli, vikombe vya plastiki na bushi ya bamba la magneto. Bushi hiyo ya magneto ikikauka nayo hupandisha sailensi, kwa kuwa cheche hubaki mbele hata kama kipepeo kimefunga.

Angalia skrubu mbili ndogo zinazoshika kipepeo kwenye shafti. Zimebonyezwa nyuma kiwandani ili zisifunguke. Ikiwa zimelegea, kipepeo huhama upande na kukwama kwenye ukuta. Ikidondoka moja, itaingia ndani ya injini. Usizikaze tu na kuziacha: weka mpya, tia gundi ya nyuzi za skrubu, acha kipepeo kijiweke katikati kwa kufunga leva mara kadhaa, ndipo ukaze. Kingo za kipepeo zimechongwa mshazari, hivyo kuna upande mmoja tu unaofaa, ukikigeuza hakifungi.

Kwenye kebo, tafuta gamba lililopasuka, waya uliochanika mdomoni, na kona kali. Kebo ngumu ya kusukuma na kuvuta inayotumika kwenye boti zenye leva ya mbali haitakiwi kupinda kwenye duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 20. Kebo iliyojaa kutu ndani haifufuliwi kwa kumimina oili, italegea wiki moja na kukwama tena. Ibadilishe.

Sailensi ya juu isiyotokana na springi

Kabla ya kununua chochote, tazama kipepeo injini ikiwa imezimwa na mkono umerudishwa. Kama kimefunga kabisa na leva imekaa kwenye skrubu ya kituo, lakini injini ikiwaka inapiga resi, hewa inaingia kwa njia nyingine: gasketi ya kabureta, boliti zilizolegea, shafti iliyolika, au sili ya juu ya kreki. Pulizia maji kidogo kwa chupa yenye matundu madogo pembeni mwa gasketi injini ikiwa inazunguka. Mlio ukibadilika, umepata pa kuanzia. Usitumie petroli kwa jaribio hili, hata tone. Na usiache hali hiyo iendelee, kwa sababu hewa ya ziada kwenye mipigo miwili ni mafuta machache, na mafuta machache ni oili chache kwa pistoni.

Kuchagua springi

Springi ya asili ya kampuni ndiyo ya kwanza kutafutwa. Inagharimu kidogo ukilinganisha na kabureta, na imeshapimwa kwa ajili ya leva hiyo. Kwenye baadhi ya kabureta haiuzwi peke yake bali pamoja na shafti au kabureta nzima. Hapo ndipo kutengenezesha au kutafuta inayolingana kunapokuwa na maana.

Pima vitu hivi kwenye springi ya zamani kwa kalipa: unene wa waya, kipenyo cha nje cha mviringo, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, urefu ikiwa haijavutwa, na ndoano zimeelekea upande gani. Usidharau unene wa waya. Ugumu wa springi hufuata unene huo ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 1.2 badala ya 1.0 unaongeza ugumu zaidi ya maradufu, hata kama kwa macho zinafanana. Kipenyo cha mviringo kinakwenda kinyume: ukikipanua kutoka milimita 10 hadi 12, ugumu unashuka hadi kiasi cha asilimia 58. Na ukikata springi katikati ili ienee, kilichobaki kina ugumu mara mbili. Fundi anayekata mizunguko michache kwa ajili ya urefu ajue kwamba ameshabadilisha nguvu pia.

Kwa maji ya chumvi nunua stenlesi, na ile inayoitwa 316 huvumilia chumvi kuliko 302 na 304. Waya wa stenlesi ni laini kidogo kuliko waya wa chuma cha kawaida cha springi, takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo springi ya vipimo vilevile itavuta pungufu kidogo. Mara nyingi hilo halina shida ikiwa msuguano umeondolewa. Usiichague kwa sumaku. Waya wa stenlesi ukivutwa kiwandani hupata usumaku kiasi, hivyo springi nzuri inaweza kukataliwa dukani bila sababu. Ziwani, springi ya chuma iliyopakwa zinki hudumu vya kutosha. Baharini zinki huisha mapema kwenye kona ya ndoano, pale waya ulipopindwa, na hapo ndipo inapokatikia.

Kuna umbo la pili, ile springi inayozunguka shafti na kuwa na miguu miwili. Hiyo ina upande. Imeviringwa kulia au kushoto, na lazima kazi yake iwe ya kukaza mviringo, si kuufungua. Ukiiweka ya upande mwingine itarudisha kipepeo kwa muda, kisha italegea au kuvunjika mguu. Linganisha na ya zamani ukiwa umezishika sambamba kabla ya kulipa.

Kuifunga

Springi ya kuvuta, yaani yenye ndoano mbili, ni rahisi. Ingiza ndoano ya kwanza kwenye kituo kisichotembea, vuta ya pili kwa waya wa ndoano hadi kwenye tundu la leva. Usiivute kwa meno ya plaizi. Kila alama ya meno ni mahali pa kuanzia ufa. Ikishaingia, kipepeo kikiwa kimefunga springi lazima iwe bado imevutika kidogo. Ukiona mizunguko imegusana na ndoano zinacheza, springi haina kazi pale inapohitajika zaidi.

Fungua leva taratibu hadi mwisho, na utazame mambo mawili. La kwanza, springi isinyooshwe kupita mara mbili ya urefu wake, ama sivyo itachoka. La pili ni la hatari halisi: chora kwa macho mstari kutoka kituo cha springi hadi katikati ya shafti. Tundu la leva lisifikie mstari huo hata akselereta ikiwa imefunguliwa yote. Likiufikia, springi haivuti tena upande wa kufunga. Likiupita, springi ileile inageuka na kukivuta kipepeo kifunguke zaidi. Hali hii haitokei kwenye kituo cha kiwandani. Hutokea pale fundi anapotoboa tundu jipya au kufunga springi kwenye boliti iliyokuwa karibu. Ukilazimika kutengeneza kituo kipya, kiweke mahali ambapo leva ikiwa nusu wazi springi inakuwa karibu pembe mraba na leva.

Springi ya shafti inahitaji subira. Andika kwa kalamu mguu ulipokaa kabla ya kutoa, na uhesabu umekazwa kwa robo au nusu ya mzunguko. Weka mguu usiotembea kwanza, zungusha leva au mguu wa pili kiasi kilekile, shika, ingiza kwenye kitako chake. Achia ghafla uone inavyorudi. Usiongeze mzunguko kwa matumaini. Kila nyongeza inasukuma shafti upande mmoja na kulila tundu lake kwenye mwili laini wa kabureta.

Je, ziwe mbili? Kwenye magari, kanuni namba 124 ya usalama ya Marekani inadai vyanzo viwili vya nguvu vya kurudisha akselereta, kila kimoja kiweze kazi hiyo peke yake. Boti haziko chini ya kanuni hiyo, lakini hoja yake ni nzuri. Pale penye nafasi, springi mbili nyepesi zilizoshikwa kwenye vituo viwili tofauti ni bora kuliko moja nene. Moja ikikatika, nyingine inafunga. Hakikisha tu kwamba jumla ya nguvu zake haizidi ile ya asili kwa kiasi kikubwa, na kila moja ikitolewa, iliyobaki inapita jaribio la robo.

Kupanga kamu, kebo na kabureta mbili

Baada ya springi mpya, rudisha leva ya kabureta kwenye skrubu ya kituo kabla ya kuunganisha kitu kingine. Mkono ukiwa mwendo wa chini, roli isikandamizwe na kamu. Uwazi mdogo tu ubaki kati yao, kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Kipepeo lazima kipumzike juu ya skrubu, kisipumzike juu ya kamu. Kikipumzika juu ya kamu, kila mtikisiko wa kebo unabadilisha sailensi.

Kwa kabureta mbili zilizounganishwa kwa fimbo, legeza skrubu inayoziunganisha, acha kila kipepeo kifungwe na springi yake, shika fimbo bila kuisukuma wala kuivuta, ndipo ukaze. Kwenye baadhi ya mashine za Yamaha skrubu hiyo ina nyuzi za kushoto. Ikigoma, usiongeze nguvu, jaribu kuizungusha upande wa pili.

Kebo mbili za mkono zirekebishwe zote. Ile ya kufungua iwe na mlegezo mdogo, na ile ya kufunga isivutwe kiasi cha kukaza mkono. Kisha geuza mashine kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, huku mtu wa pili akitazama leva. Ikisogea hata kidogo, kebo ni fupi au imepita njia mbaya. Nahodha anayekata kona kali akikuta mashine inapanda resi yenyewe, hii ndiyo sababu, na hakuna springi itakayoiponya. Funika kava kisha urudie jaribio hilo. Mara kadhaa kebo hubanwa na mpira wa kava na tatizo halionekani kava likiwa wazi.

Kuwasha na kupima

Funga boti gatini au teremsha mashine kwenye pipa refu la maji, propela ikiwa imetolewa kama unatumia pipa. Kamba ya kuzimia iwe mkononi mwako. Washa ikiwa nyutro, iache ipate moto dakika chache, soma sailensi kwa kipima mzunguko na ulinganishe na kitabu. Fungua taratibu kiasi cha robo, rudisha haraka. Mzunguko ushuke moja kwa moja hadi sailensi bila kusita juu. Usipige resi kubwa ikiwa nyutro, injini isiyo na mzigo huvuka kikomo chake mara moja.

Kisha ukiwa umefungwa imara gatini, tia gia mbele kwa sailensi. Iingie kwa mlio mmoja mwepesi. Mwisho, toka mahali peupe, kimbiza kwa nguvu dakika mbili au tatu, rudisha ghafla. Joto hubana vitu ambavyo vikiwa baridi vinateleza, kwa hiyo jaribio la gatini pekee halitoshi.

Skrubu ya kukazia mkono

Chini ya mkono wa mashine nyingi kuna skrubu au kitasa cha kukaza, ili mkono ubaki ulipowekwa nahodha asichoke. Wako wanaoikaza kabisa kwa sababu mkono unarudi wenyewe. Hilo ni la kuogopwa: mtu akidondoka majini, boti haipungui mwendo, inazunguka na kumrudia. Ikaze kiasi cha kushikilia mwendo wa kawaida tu, na kamba ya kuzimia ivaliwe mguuni au kiunoni kila mara. Kwenye leva ya mbali, leva ikirudi yenyewe, kaza msuguano ndani ya boksi la leva. Usitoe springi ya kabureta ili leva itulie. Na kama ulishaongeza springi nene na sasa leva inakimbia kurudi, hiyo ni dalili kwamba springi imezidi.

Injini ya ndani yenye kabureta

Injini za petroli za ndani, kama MerCruiser zenye kabureta, hutumia kebo moja ngumu inayosukuma na kuvuta. Kebo ndiyo inayofunga. Nyingine zina springi nyepesi kwenye kabureta ya kuondoa mchezo, nyingine hazina. Ukikuta haina, tazama kitabu kabla ya kudhani imepotea. Boti yenye akselereta ya mguu ni jambo jingine, hapo springi haina mbadala.

Tofauti kubwa mbili na mashine ya nje. Moja, kabureta hizo zina pampu: kila unapofungua leva, petroli inarushwa ndani ya manifoldi hata injini ikiwa imezimwa. Jaribio la kufungua na kuachia lisirudiwe mara ishirini. Mbili, injini iko ndani ya chumba, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini. Washa feni ya chumba angalau dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na chujio la kuzuia moto juu ya kabureta lirudi mahali pake kabla ya funguo kuguswa. Usibadilishe kabureta ya boti kwa ya gari eti zinafanana: ya boti imetengenezwa ili petroli ikifurika iingie kwenye injini, ya gari humwagika nje, chini ya miguu yako.

Ikikatika mkiwa baharini

Mashine ikikwama kwenye mwendo mkubwa, vuta kamba ya kuzimia. Usikimbilie nyutro: gia hutoka kwa kishindo na injini iliyoachwa bila mzigo hupaa. Ikishazimika, vua kava, tazama kama springi imekatika au imechomoka tu. Ndoano iliyochomoka hurudishwa kwa dakika moja.

Iliyokatika, njia salama ya kurudi nyumbani ni kufunga leva ya kabureta kwa waya mwembamba ikiwa wazi kidogo tu, kiasi cha mwendo wa taratibu, na kuendesha hivyo hadi ufukweni, ukitumia kamba ya kuzimia kusimama. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinaweza kushika nafasi ya springi kwa safari moja, kikifungwa mbali na gurudumu la juu na kisivutwe sana. Petroli huuvimbisha mpira na joto huulegeza, kwa hiyo ukifika utolewe siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza msimu. Springi moja ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki wenye grisi kidogo, pamoja na waya na plaizi, haichukui nafasi kwenye boksi la vifaa. Kwa boti ya baharini inayotoka kila siku, kagua ndoano kila mwezi wakati wa kuosha mashine, na badilisha springi mara tu unapoona kutu au mpasuko kwenye kona ya ndoano, hata kama bado inavuta.